Sweta la Walter

Basi halijaondoka hata kituoni, Verna aliyeketi nyuma alishazijua habari zote, maana mwanamke wa mbele yake, mwenye aproni ya kiwanda cha mikate, alikuwa akipiga makofi kama mtoto.

"Imepita! Baraza la mji limepitisha sheria! Hakuna tena bosi wa kunifukuza kazi kwa kuwa naishi na mwanamke mwenzangu!"

"Hongera, dada!" abiria wa pembeni, asiyemjua hata jina, alishamkumbatia. "Basi kesho waambie kazini."

"Niwaambie vipi? Tangu walipomfukuza Lyle, tuliyefanya naye kazi, kwa picha tu ya mpenzi wake wa kiume, nimewadanganya kwamba nina mume, dereva wa lori, anaitwa Walter. Krismasi wamemfumia sweta!"

Verna alijiuma mdomo asicheke.

"Si umuue tu huyo Walter?" abiria wa pembeni alimuuliza.

"Wee! Watajaa kwangu na mabakuli ya viazi vya matanga!"

"Basi mwache."

"Nimwache, na wanampenda kuliko mimi? Sheria imemzuia bosi, mwenzangu. Haijamzuia Marge wa kazini, aliyelifuma lile sweta, kulia."

"Acha alie! Wewe umelia mara ngapi?"

Hapo basi lilisimama kituoni. Verna alifuta ukungu dirishani. Kwenye theluji, mwanamke mfupi alikuwa akipunga mkono kwa furaha, amevaa sweta jekundu lililomfikia magotini, na kifuani limefumwa jina kubwa: WALTER.

"Mke wangu yule," alisema wa aproni, basi zima likasikia, akashuka mbio.