Hodi kwenye Kabati la Joto

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza binti mmoja alichokiona siku yake ya kwanza kazini ni kidole. Kidole cha shangazi yake, kimekunjwa, kikigonga mlango wa kabati la joto kule maabara.

"Hodi humu!"

Ndipo mlango ukafunguliwa. Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na visahani tu, na kwenye visahani, kuvu iliyooteshwa kwa majaribio. Binti, aliyekuja kuosha vyombo, alikaza macho sakafuni asicheke.

"Cheka tu," shangazi akamwambia. "Ila hawa ndio wenye nyumba. Ukiingia kwa watu bila hodi, utafichwa mambo."

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Mkemia. Wenzake walimwita Mama Kuvu, naye akaitika.

Alianza kazi hii baada ya kufiwa na kaka yake, baba wa binti. Kuvu ilimwingia kaka huyo kwenye damu. "Dawa zimeisha?" alimuuliza daktari. "Hazijaisha, dada. Kuvu imezizoea."

Imezizoea. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaapa kutafuta dawa ambayo kuvu haijawahi kuiona. Akaitafuta kwenye metali. Naam, metali: shaba, fedha, kobalti. Kila dawa aliiunda hivi: katikati chembe ya metali, pembeni chembe nyingine zimeizunguka, kama kiini ndani ya yai.

Kuua kuvu si kazi. Kazi ni kuua kuvu na kumwacha mgonjwa. Kwa hiyo kila dawa ilijaribiwa mara mbili: kwenye kuvu, kisha kwenye seli za binadamu. Mara ya kwanza kuvu ilipokufa yote, wenzake walipiga vigelegele. Shangazi akainamia darubini. Seli nazo zimekufa.

"Nyamazeni," akasema. "Tumeua panya kwa kuchoma nyumba."

Miaka ikapita. Nyumba nyingi zikaungua. Moyo wake ukaanza kuchoka, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Lakini hodi hakuiacha.

Siku moja kisahani kikatoka na kuvu imetanda kote, isipokuwa palipowekwa tone la dawa. Hapo palikuwa na duara safi, kama mwezi. Hakuna aliyethubutu kushangilia. Shangazi akainamia darubini, kutazama seli zilizopewa dawa hiyohiyo. Akakaa. Akakaa. Kisha akampisha binti kiti.

"Tazama, mwanangu. Nyumba?"

Binti akatazama. Seli zilikuwa zimeshikana, zimetulia, nzima.

"Imesimama, Shangazi."

Mama Kuvu akalia mbele ya watu. "Kaka," akasema, "nimechelewa, lakini nimefika."

Bado si dawa, wasikilizaji. Turudie: bado si dawa. Njia ya kumfikia mgonjwa ni ndefu. Lakini metali, jamaa ya waya na sufuria zetu, ilijua nani wa kumpiga na nani wa kumwacha!

Wiki iliyopita moyo wake ulisimama. Kwa familia na wenzake, poleni sana. Nasi tujiulize: ni mangapi tunayoyashika kila siku, na hatujawahi kuyapigia hodi?

Binti hakuweza kuja studio, ana haya. Miaka yote aliisikia hodi ile ikikosa wa kuiitikia. Alitamani kuitika, akawaonea aibu wasomi. Juzi alisimama mbele ya kabati. Hakuna aliyegonga. Akaitika hata hivyo, kwa sauti, kila mtu akisikia:

"Karibu, Shangazi. Karibu ndani."