Historia ya Kaka Yetu Mkaguzi, na Mistari Sita Isiyokuwa Yake

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, familia imenikabidhi karatasi hizi nizisome kwa sababu mimi ndiye mdogo wake wa pekee, na kwa sababu nilifanya naye kazi chumba kimoja tangu mwaka 2010. Sijalia tangu Jumanne, msinishangae, na nikisoma kama mtu anayesoma orodha ya vifaa stoo, mnivumilie.

Kaka alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Juni 1978, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, fundi redio, aliyekaa hapa mbele, na marehemu mama yetu, mwalimu wa shule ya msingi. Alianza darasa la kwanza mwaka 1985, kwenye darasa la mama, ambako hakupendelewa hata kidogo, akamaliza sekondari mwaka 1997, na jioni za miaka hiyo yote alishinda kwenye kibanda cha baba, akimulika tochi wakati baba analehemu. Kibanda kile kilikuwa na sheria moja, mteja harudishiwi redio mpaka iwashwe mbele ya macho yake.

Aliingia chuo kikuu Septemba 1998, akahitimu shahada ya sayansi ya kompyuta Novemba 2002, na Jumatatu tarehe 3 Februari 2003 akaajiriwa na kampuni inayotengeneza mfumo endeshi wa mashine za maabara. Kwa wasioijua kazi hiyo, kila kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta, iwe printa au mashine ya kupima damu, kina programu yake ndogo iitwayo draiva, na ndani kabisa ya mfumo, kwenye kiini chake, kuna sehemu inayoamua draiva ipi ishike kifaa kipi na ikiachie lini. Sehemu hiyo ilikuwa mikononi mwa kaka. Hakuna badiliko lililoingia humo, hata la mstari mmoja, mpaka aandike chini yake neno "Nimekagua" na jina lake, na kabla ya kuandika alilichapisha kwenye karatasi, akachonga penseli, akasoma, kisha akauliza swali lake lilelile, "Kikichomolewa katikati ya kazi je?" Ofisini walimwita Bwana Rudia, maana watu walirudishiwa kazi mara tatu, mara nne, na hata kadi za harusi yake mwenyewe alizirudisha kwa mchapaji mara mbili kwa ajili ya nukta.

Harusi hiyo ilifungwa Jumamosi tarehe 8 Agosti 2009, alipomwoa shemeji yetu, ambaye ni muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, wa kwanza Mei 2011 na wa pili Januari 2013.

Hapa karatasi inasema kwamba mwaka 2014 marehemu alipitia changamoto za kikazi. Sentensi hiyo niliiandika mimi, naiacha, nasema ilivyokuwa.

Ijumaa tarehe 14 Machi 2014 nilimpelekea badiliko la mistari sita, linalohusu jinsi mfumo unavyofuta kumbukumbu ya kifaa kilichochomolewa, na toleo jipya lilikuwa linafungwa saa kumi jioni. Akaniuliza swali lake, nikamjibu kwamba nimejaribu na kifaa chenyewe, nimekichomoa mara ishirini. Sikuwa nimekichomoa hata mara moja, nilikuwa na haraka, na niliona ni mistari sita tu. Ndiyo mara pekee aliyoandika "Nimekagua" kwa kuamini mdomo wa mtu. Mwezi uliofuata mashine za hospitali tatu ziliganda waya zilipochomolewa, kwa sababu mfumo ulikuwa unafuta kitu ambacho draiva bado inakitumia, majibu ya wagonjwa yakapotea, watu wakatolewa damu upya, na bahati hakufa mtu. Kwenye kikao cha tarehe 22 Aprili mkurugenzi aliuliza kosa ni la nani, mimi nikaangalia meza, kaka akasema, "Aliyekagua ni mimi." Akavuliwa usimamizi, na mwaka uliofuata nikapewa mimi.

Baba alizipata habari hizo nje, akamwambia mezani mbele yetu sote, "Wewe fundi gani, unampa mtu kitu hujakiwasha?" Tangu siku hiyo hakumuuliza tena habari za kazi. Mimi nilikuwepo, nikaendelea kula.

Oktoba 2024 madaktari waligundua ana saratani ya kongosho, akalazwa wodi namba sita, na mwezi Januari akaniagiza nimwandikie historia hii mapema, kwa sababu, alivyosema, familia yetu na tarehe haziivi chungu kimoja. Aliirudisha mara tatu. Alisahihisha mwaka wa kuhitimu, akafuta neno "mahiri" mahali pawili, na kwenye changamoto za kikazi penseli haikugusa kitu. Nilimwambia nitaongea na baba, akasema, "Ukiwa tayari, mdogo wangu," kisha akaomba maji. Nikapanga Jumapili, Jumapili ikapita. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono, mimi nikiwa koridoni najaza fomu.

Baba, mwanao hakuwa mzembe. Mwongo nilikuwa mimi, na maneno yale uliyomwambia mezani nilistahili kuambiwa mimi. Shemeji, na ninyi wanangu wawili, nawaomba radhi, ingawa najua naomba nikiwa nimechelewa. Jana nimeiandikia ofisi barua yenye maelezo haya haya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliotuletea viti na kukaa nasi siku zote tatu, na wafanyakazi wenzake, ambao wengine nawaona mnaniangalia, na mna haki.

Kaka, baba amesikia. Pumzika sasa, kwa amani yako.