Mzee Foleni na Swali Lililosubiri Zamu

Nikiwa na miaka minane nilimuuliza babu, chai ikiwa mezani na watu wote wakisikia: "Babu, kwani mama ulikuwa humpendi?"

Bibi alitua kikombe. "Huyu mtoto ana mdomo, jamani!" Mama akajifanya anatafuta sukari. Babu alinitazama juu ya miwani, hakukasirika, akasema, "Swali limepokelewa. Yapo mengine mbele yake. Lisubiri zamu."

Familia imeniomba niandike maisha yake na kuwasomea hapa msibani. Nitayasoma kwa mpangilio, maana vinginevyo angenirudisha mwanzo.

Babu yetu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne kati ya sita wa baba mwashi na mama muuza mboga. Alisema zamu aliijua kabla ya kujua kusoma. Nyumba ilikuwa na beseni moja la kuogea, na wa nne ni wa nne, hata alie vipi.

Alianza shule ya msingi Januari 1956 na kumaliza sekondari Novemba 1967. Bibi alipenda kutuambia kwamba mumewe alikuwa wa tatu darasani. Kila mara babu alimsahihisha: "Wa tisa. Rekodi zipo."

Tarehe 1 Februari 1968 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi ya wilaya. Masjala ni chumba cha kutunzia mafaili, na hicho kilikuwa mwisho wa ukumbi, na dirisha moja la kuhudumia watu. Huko aliona jambo lililomnyima raha. Kila faili jipya lilibwagwa juu ya mengine, na mkuu wa ofisi akisaini alianzia juu. Basi aliyekuja wa kwanza alikaa chini kabisa miezi na miezi, mpaka apate wa kujuana naye.

Babu alimwomba seremala amtengenezee sanduku lililo wazi juu na chini. Faili liliingilia juu, likatokea chini. Hilo tu! Lakini ofisi nzima ilinuna, maana watu walishazoea kuchomekea la shemeji na la jirani. Wakambandika jina, Mzee Foleni, na wakati huo hata ndevu hazijamkolea. Baadaye wananchi walilichukua jina hilohilo wakamwita kwa heshima.

Kuna siku bwana mmoja wa suti aligonga dirisha. "Wewe karani, unajua mimi ni nani?"

Babu akaangalia daftari lake. "Nakujua, mheshimiwa. Wewe ni namba hamsini na mbili."

Benchi zima lilicheka, na yule bwana mwishowe akacheka nalo, akasogezewa nafasi, akakaa. Babu alipandishwa kuwa mkuu wa masjala mwaka 1981, akastaafu tarehe 30 Juni 2003. Sanduku aliliacha palepale.

Tarehe 19 Agosti 1972 alimwoa bibi, fundi cherehani. Walijaliwa watoto watatu: mjomba, mama, na mama mdogo. Bibi alikuwa akimtania, "Kwa huyu mume wangu hata kupewa pole lazima ujiandikishe." Lakini wanawe wanakubali kwamba hakuna aliyelala nyumba ile bila kusikilizwa.

Sasa, wasifu unaoficha jambo babu angeurudisha ukarekebishwe. Kwa hiyo hili nalisema kwa ruhusa ya mama.

Mwaka 1994 mama alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimelowa mvua hadi hakisomeki, na chuo kilitaka kingine kabla ya Ijumaa jioni. Faili lake liliingia kwenye sanduku la babu Jumatano alasiri, mkuu wa ofisi akiwa ameshamaliza kusaini ya siku hiyo. Mbele yake kulikuwa na mafaili arobaini na mawili. Mkuu alisaini ishirini kwa siku, hazidishi. Alhamisi ishirini, Ijumaa ishirini. Mama akabaki ndani ya sanduku, wa tatu kutoka chini.

"Baba, ni kuruka watu watatu tu!" alimwambia.

"Wako mbele yako, mwanangu."

Cheti kilitoka Jumatatu saa tatu asubuhi. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Mama alikaa nyumbani mwaka mzima akimshonea bibi vifungo, na mwaka huo wote hakumwita "Baba". Alisema shikamoo, akapita. Mwaka 1995 aliingia chuo, na leo ni muuguzi. Walirudi kuzungumza na kucheka, ila habari ya lile sanduku ilikuwa haitajwi nyumbani kwetu. Mimi niliijua kwa kusikiliza mlangoni, nikaja na swali langu mezani.

Machi 2023 moyo wa babu ulianza kuchoka. Miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi. Aliyemuuguza usiku na mchana ni mama. Siku moja hospitalini, muuguzi mwenzake mama alitaka kumwingiza babu kwa daktari kabla ya wengine. "Njoo, mzee, wewe ni wa kwetu." Babu akauliza namba yake ni ngapi. Mama akasema, "Mwache hapo benchi, dada. Ukimpitisha utamzidishia ugonjwa."

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na dada yake mdogo, yule wa sita wa beseni. Babu, pumzika kwa amani. Zamu yako umeimaliza vizuri.

Limebaki swali langu. Lilisubiri miaka minane. Jumapili, tarehe 22 Septemba, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, mama akikunja shuka dirishani. Babu akaniita.

"Lile swali lako. Zamu yake imefika."

Mimi nilikuwa nimelisahau. Mama hakuwa amelisahau. Mikono yake ilisimama.

"Ile Jumatano," babu alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache, "wenzangu walipoondoka, nilifunga mlango. Nikayatoa mafaili yote sandukuni. Kusoma faili la mtu bila kazi nalo ni kosa, ndiyo maana sikumwambia yeyote, hata mama yako. Nilitaka mmoja tu asiye na haraka, nimpeleke nyuma, mama yako akae pale pake. Wa kwanza, mtoto anasubiri kupelekwa kutibiwa mbali. Wa pili, msichana wa chuo, kama huyu wangu. Wa tatu, mjane. Nikaenda hivyo hadi wa arobaini na mbili. Nikarudia tena tangu mwanzo. Nilimtafuta asiye na haraka, mjukuu wangu. Sikumpata."