Wanaotazama Juu ya Vichwa Vyetu

Kijiwe chetu kiko chini ya roshani ya jengo la kale, mlangoni kwa Kinyozi. Benchi limeegemea ukuta na macho yetu yako barabarani, kwa sababu mtu mwenye akili hutazama watu, hatazami ukuta. Siku hiyo barabara ilikuwa imeziba tangu asubuhi. Daraja la kule mbele linatengenezwa, mji mzima umepitishiwa kwetu, na magari yamesimama karibu kiasi kwamba ungeweza kumpa dereva kikombe cha kahawa bila kunyanyuka. Jambo moja tu lilitukera: kila aliyekuwa garini alitazama juu ya vichwa vyetu. Ananyanyua macho, anamnong'oneza jirani yake, anatazama tena. Kinyozi akashindwa kuvumilia, akatoka na kitana mkononi.

– Hao ni wanunuzi, akasema. Wameliona jengo. Kesho naambiwa nitoe viti vyangu.

– Foleni nzima? nikamuuliza. Mpaka yule mwenye mkokoteni wa nyanya?

– Huyo ndiye dalali, akadakia Breki.

Breki aliendesha malori mpaka macho yakamgomea. Siku hizi anaendesha mazungumzo.

– Sikieni, akasema. Humu aliishi bibi mmoja tajiri, vito vyake akavijengea ukutani. Habari imevuja. Hamuoni ukuta ulivyo mnene?

– Wewe umeutazama lini? nikamuuliza.

– Nauegemea kila siku, bwana. Mgongo nao una macho.

Injinia, fundi wetu wa redio, akacheka kwa dharau.

– Vito gani? Unene ule ni wa kuzuia sauti. Hii ilikuwa stesheni ya siri. Mpaka leo inarusha mawimbi, ndiyo maana redio zangu zote zinakoroma hapa.

– Redio zako zinakoroma popote, nikamwambia. Yangu nilikuletea inaimba.

– Fundi viatu, usimvunjie heshima mtaalamu.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na maneno ya kuzungukazunguka siyawezi.

– Gari lile pale, dirisha liko wazi. Si mumuulize mtu anatazama nini!

– Ukimuuliza mnunuzi unamwongezea hamu, akasema Injinia. Dawa yake ni kumtisha.

Breki hakungoja. Akamfuata dereva wa teksi.

– Kaka, unaliona jengo hili? Lina mizimu! Usiku viti vya kinyozi vinazunguka vyenyewe!

– Na nyie mnakaa hapohapo?

– Tumeshazoeana nao!

Dereva akapandisha kioo. Breki akarudi amevimba kifua.

– Mmoja tumempunguza.

Tukacheka, isipokuwa Kinyozi.

– Chekeni tu, akasema. Niliowanyoa hapa wakiwa watoto, sasa wananiletea watoto wao. Nikitoka hapa nakwenda wapi? Nani atanifuata huko?

Ndipo akaja mama mmoja mtu mzima, ameshuka basini kunyoosha miguu, viatu kavibeba mkononi. Akakaribia benchi, akasimama juani.

– Karibu kivulini, mama, nikamwambia. Kahawa ipo.

– Ahsante, mwanangu, huku kunanitosha. Nilitaka kuuliza tu: hiyo roshani inashikiliwa na nini?

Wote wanne tukanyanyua vichwa. Kushoto, nguzo. Kulia, hewa. Na roshani yenyewe imetuinamia kama jirani anayetaka kusikia tunamsengenya nani.

Breki akakohoa.

– Kulikuwa na nguzo, akasema Kinyozi kwa sauti ndogo.

– Iko wapi? akauliza yule mama.

– Ilikuwa inabana mlango. Niliitoa nilipoongeza kiti cha pili.

– Tokeni! nikapiga kelele.

Vikombe vikaruka. Tukapenya kati ya magari mpaka ng'ambo. Kinyozi akataka kurudia mashine yake, nikamkamata shati. Ndipo tulipoliona jengo letu usoni kwa mara ya kwanza: maua ya saruji juu ya kila dirisha, na vyuma vya roshani vimesukwa kama ukili.

– Kumbe zuri, akanong'ona Injinia.

– Zuri nini, linaanguka! nikamwambia.

Mbele yetu lilisimama lori la mirunda ya kujengea.

– Nenda kwa dereva, nikamwambia Kinyozi. Mwambie ukweli wote. Mizimu usimtajie.

Akaenda, kitana bado kiko mkononi.

– Kaka, nimeng'oa nguzo ya jengo kwa tamaa yangu mwenyewe. Nisaidie mrunda mmoja niegemeze ile roshani, la sivyo sina kazi.

Dereva akacheka mpaka akaangukia honi.

– Kumbe ni wewe! Tangu asubuhi foleni nzima tunabishana itaanguka saa ngapi. Chukua miwili. Ila fanya haraka, huko mbele wameanza kuwasha magari.

Breki aliposikia hivyo, akaingia katikati ya barabara, akasimama mbele ya lori, mikono kaitandaza.

– Hapiti mtu hapa! akafoka. Hata mmoja, mpaka mirunda ishuke!

Na honi zote za mji zikaanza kututukana.