Pumzi ya Bi Huwaida Jaafar, Mpishi wa Kuku wa Shela (1968–2025)

Kwa jina la Mola atoaye pumzi na kuirudisha kwake. Haya yasomwa leo nyumbani Mkomani mbele ya wanawake mliokuja kwa hitima, na nakala zimepelekwa kwa wanaume huko barazani, ili kila mtu ajue Huwaida alikuwa nani, alitoka kwa nani, na aliondokaje. Maana yameanza kusemwa mengi mjini, na mengine hayakuwa.

Marehemu alizaliwa kisiwani Ndau, Jumatano tarehe 14 Agosti 1968, mtoto wa tatu wa Bwana Jaafar Bakr na mkewe Bi Rawiya. Nyumba ya Jaafar haikuwa na mali ya kusimulia, lakini haikupata hata siku moja kuazima chumvi kwa jirani. Bi Rawiya alikuwa akikausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba, na Huwaida alilelewa pale pale, kwanza mgongoni, halafu miguuni, halafu akichochea mwenyewe. Wanawake wengine walikimbiza watoto wao upande wa upepo. Huwaida hata machozi hayakumtoka. Bi Rawiya alifariki kwa kifua kabla ya kufika miaka hamsini. Watu walisema ni baridi. Siku hizo kila aliyekufa kwa kifua aliambiwa ni baridi, akazikwa, na asubuhi moto ukawashwa tena pale pale.

Huwaida alisoma shule ya msingi ya kijijini tangu 1976 mpaka 1982 akamaliza darasa la saba, na chuoni alikuwa amekwisha kuhitimu Qur'ani kabla ya wenziwe wengi. Walio hai wa wakati ule wanakumbuka siku mwalimu wao alipoibiwa paja la kuku aliloletewa chakula cha mchana. Mwalimu alipanga darasa zima mstari na kiboko mkononi. Huwaida akaomba ruhusa, akapita akinusa vidole vya wenziwe mmoja mmoja, akasimama mbele ya Bakr, nduguye wa tumbo moja.

"Ni hoyu," akasema. "Na kitunguu amekula pia."

Bakr alichapwa, na hakusema naye mpaka Idi. Yuko barazani leo, mzee mwenye mvi, na akiulizwa bado asema lile paja lilikuwa dogo.

Tarehe 26 Juni 1987, siku ya Ijumaa, aliolewa na Bwana Fadhil, fundi wa chokaa wa hapa Mkomani, akahamia kwenye nyumba hii mliyokaa. Mungu aliwajaalia Mahir mwaka 1989, na baada ya kungoja sana, Ruba, mwaka 2000. Fadhil si mtu wa maneno. Aliweza kupiga chokaa ukuta mzima bila kutamka neno. Lakini mkewe akitoka chumbani asubuhi alimtazama usoni, akamwambia, "Leo wanukia moshi kama jana." Naye humjibu, "Nawe wanukia chokaa. Tumeoana sawa."

Kazi ya marehemu ilianza mwaka 1991 katika nyumba moja ya wageni huko Shela. Alianza kwa kuosha vyombo. Baada ya mwaka alikuwa ameshika jiko, na jiko lenyewe lilikuwa pipa lililopasuliwa kati, limejaa makaa, limekaa nyuma ya nyumba mahali pasipo upepo. Hapo alichoma kuku miaka thelathini. Wageni walimwita kuku wake babikyu, wengine walirudi kutoka nchi za mbali kwa ajili yake, na ukwaju, asali na pilipili alizompaka hakumwonyesha mtu kipimo chake, isipokuwa bintiye. Alikuwa akiinama juu ya pipa kama mtu anayesikiliza siri. Aliyemwambia asogee kando alijibiwa, "Nikisogea, utamtazama wewe?"

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Kilianza kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Hakukijali. Mwaka wa pili kilikuwa kikimsimamisha njiani baina ya Shela na hapa, ameshika ukuta. Fadhil akaanza kazi mpya: akiwa ndani na mkewe yuko jikoni, humwita, "Huwaida, wapumua?" Naye akaitika, "Napumua, pumua na wewe." Ilikuwa kama mzaha. Haikuwa mzaha.

Novemba 2021 alipelekwa kwa daktari Chelangat, binti wa bara aliyekuwa akitibu hapa mjini, mpole, mwenye kusema mambo bila kuzunguka. Chelangat alimsikiliza mgongo mahali pengi, akaondoa mipira ya masikioni, akavuta kiti.

"Mama Ruba, kifua chako kimejaa moshi wa tangu utoto. Mlango umebaki wazi kidogo tu. Ukiuingiza moshi tena, mimi sitakuwa na dawa ya kukufungulia."

"Mwanangu, moshi ndio ulonilea."

"Ndio utakaokuzika. Uchague."

Hayo aliambiwa waziwazi, mbele ya mumewe na bintiye, kwa hiyo wasemao hakujua wanyamaze. Alijua. Alitoka pale akakaa dakani, pale ukumbini penye mlango wa nje, mchana kutwa, kisha akamwambia Fadhil, "Basi nitawapikia nini?"

Jibu lilikuja kwa njia asiyoitazamia. Januari 2022 mgeni mmoja aliyekaa Shela kwa miezi alisafiri, akaacha chungu chake cha umeme. Kilikuwa cha udongo mweusi ndani ya gamba la bati, kina kifuniko cha kioo na kitaa chekundu. Kazi yake ni kupika polepole, joto dogo, tangu asubuhi mpaka alasiri. Bwana Douglas, msimamizi wa nyumba ile, alikibeba mwenyewe akakiweka mbele yake.

"Bi Huwaida, hiki hakina moshi hata kidogo. Unakiwasha, unakwenda kukaa."

"Mpishi gani akaaye? Na kuku ataiva kwa taa?"

Lakini alikijaribu. Alitandika vitunguu chini, akapanga mapaja yenye ngozi juu yake, akatia chumvi, tangawizi na maji kidogo sana, maana kuku atoa maji yake mwenyewe. Akajifunza kutofunua kifuniko, kwa kuwa kila ukifunua joto lakimbia na kuku arudi nyuma. Mchuzi wa ukwaju na asali aliuchemsha kando ukawa mzito, akaumimina mwishoni, la sivyo wageuka maji. Alasiri ile nyama iliachana na mfupa kwa kuguswa tu. Douglas alikula akisimama. Na marehemu alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, akitazama kile kitaa chekundu kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemwamini.

Mwaka ule kifua kilitulia. Alikuwa akienda Shela kwa miguu bila kushika ukuta. Chelangat alifurahi, Fadhil alipunguza kumwita. Ilionekana kama hatari imepita nje ya mlango ikaenda zake.

Ilikuwa imekaa barazani.

Wageni wa zamani waliporudi walianza kunung'unika. Douglas alimletea maneno akiwa na haya. "Wanasema ni mtamu, Bi Huwaida. Ila hana ule moshi. Wanasema ni kama amechemshwa."

"Waambie watafune makaa!"

Alisema hivyo, lakini lilimwingia. Mwanamke aliyepita mstari wa watoto akanusa mwizi, aambiwe kuku wake hana harufu! Hapo ndipo alipokumbuka mitungi. Kwao Ndau mtungi wa maji hufukizwa kabla ya kujazwa: kaa la moto, chembe ya ubani, mtungi wafunikwa juu yake, na maji yakinywewa yana harufu nzuri. Basi Huwaida alitwaa ganda la kitunguu, akaliweka katikati ya kuku aliyeiva, akatia ndani yake kaa moja lililoiva, akadondosha samli. Moshi uliruka. Akashusha kifuniko upesi, ukabaki ndani ukizunguka nyuma ya kioo kama ukungu. Alipofunua, alifunua uso wake ukiwa juu ya chungu, anuse kama nyama imepata harufu.

Wageni walipiga makofi. Naye alirudi nyumbani ana furaha, na kikohozi kimoja.

"Wafukiza?" Ruba alimuuliza, maana alikuwa na pua ya mamake.

"Kaa moya tu. Moshi wa kikombe. Usinipeleke kwa daktari wako."

Alipokwenda kwa Chelangat na kuulizwa kama amekaribia moshi, alijibu, "Mimi siku hizi napikia stima." Chelangat alimsikiliza kifua tena, akaandika dawa. Kila siku kaa moja, na kila siku alifunua uso ukiwa juu ya chungu. Fadhil akaanza tena kumwita.

Harusi ya Ruba iliwekwa Ijumaa tarehe 25 Aprili 2025. Pilau ya watu wote waliipika wapishi wa harusi uwanjani. Lakini kuku wa sinia la wakwe, wanawake wa upande wa bwana harusi, marehemu alisema hatapikwa na mtu mwingine. Douglas aliazimisha vyungu viwili zaidi, na tangu alfajiri vikawa vitatu mstari mmoja katika jiko la nyumba hii, vitaa vyake vitatu vimewaka. Jiko lile mwalijua, liko chini, kuta zake nene, lina dirisha moja dogo na mlango mmoja, vyote vyatazama kiwanda, ule ua wa katikati ya nyumba. Mvua ya masika ilikuwa ikipiga tangu usiku. Upande wa pili wa kiwanda, chumba cha ndani, nguo za bibi harusi zilikuwa zimetandazwa juu ya chetezo, zafukizwa udi, na hakuna mwanamke hapa asiyejua kwamba nguo zile zikipata harufu ya chakula, kazi imeharibika, na wakwe watalisema mpaka wajukuu.

Kabla ya Adhuhuri stima ilipotea.

Kuku walikuwa wamepata joto la nusu, na kuku aliyeanza kupata joto hangoji, huoza akikutazama. Wanawake wakamwambia tuwatupe, tule pilau. Mmoja akasema kwa kutania, "Bi Huwaida leo ameshindwa na taa!" Akacheka nao. Kisha akaagiza majiko mawili ya makaa yaletwe ndani, maana kiwandani mvua haikuacha kaa kuwaka. Ruba alikuja mpaka mlangoni na rangi ya piko mbichi mikononi.

"Mama, usikae humo. Mwachie mtu mwingine."

"Rudi ndani, wataka wakwe wakuone mikono imepakazana? Tena fungeni mlango wenu."

"Na wewe?"

"Na mimi nafunga wangu. Harufu isije kwenye nguo zako."

Akafunga mlango. Dirisha pia alilifunga, akaziba upenyo wa chini kwa gunia. Waliokuwa nje walisikia mafuta yakilia juu ya makaa, walisikia akikohoa, halafu akiimba kidogo, halafu akikohoa. Fadhil alikuwa kwa wanaume. Hakukuwa na mtu wa kuuliza kama apumua, na hakuna aliyemnyima msaada kwa kusudi: kila mtu alikuwa na kazi mkononi, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa jikoni.

Alasiri mlango ulifunguka. Alitoka na sinia, uso umekuwa wa majivu na midomo ina rangi ya zambarau mbivu, akalikabidhi kwa mikono miwili. Wakwe walikula wakalamba vidole, wakauliza ni nani aliyechoma kuku huyu. Wakati wakiuliza stima ilirudi, na vile vitaa vitatu vikawaka vyenyewe jikoni, mtu hayumo. Marehemu alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa ukutani, akivuta pumzi ndogo ndogo kama anayezihesabu.

Aliona nikaha ya bintiye ikitimia, akapiga kigelegele kimoja kisichofika mwisho. Usiku ule alipelekwa hospitali hapa mjini. Chelangat alikuja kumkalia ingawa haikuwa zamu yake. Alimuuliza, "Mama Ruba, nani alikuwa nawe jikoni?"

"Hakuna. Nilifunga."

"Kwa nini?"

Akamkamata mkono. "Zile nguo," akasema, "zilinukia udi mtupu. Waulize wakwe."

Hakuwa mtu wa kujuta, na familia haitamwekea majuto mdomoni. Bi Huwaida alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, asubuhi, Fadhil akiwa kando ya kitanda. Alikuwa akimwita. Mara ya mwisho hakuitika. Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya Alasiri.

Amemwacha mumewe Fadhil, ambaye amevunja ukuta wa jiko upande wa kiwanda kwa mikono yake na hataki kusaidiwa. Amemwacha nduguye Bakr, na shangazi yake aliyeandika haya. Na mwanawe Mahir, na watoto wawili wa Mahir, ambao mkubwa wao ameanza kuuliza bibi aliugua nini na ajibiwe kweli. Na amemwacha Ruba, mke mpya, ambaye Bwana Douglas amekuja mara mbili kumwomba ashike jiko la mamake kule Shela, kwa kuwa ndiye pekee ajuaye kile kipimo. Ruba hajajibu. Jana alionekana akinunua ukwaju.

Mola amsamehe Huwaida, ampanulie kaburi lake, amfungulie humo mlango wa upepo wa peponi, na asiuache ukafungwa. Amina.