Kaka Yetu Mluzi na Kinanda Chake cha Mdomo

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wafanyakazi wa kiwanda cha kusaga nafaka mliozima mashine asubuhi hii ili muwe pamoja nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha yake. Mnaonijua mnajua kwamba mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana nimeandika kila kitu, nami nitajitahidi kusoma kilichoandikwa na si zaidi. Kuna kipande kimoja karibu na mwisho ambacho nimeombwa nisikisome, na aliyeniomba ni shemeji yangu, mjane wa marehemu, ambaye ameketi kule nyuma karibu na mlango wakati nafasi yake iko hapa mbele. Kwa nini ameketi kule hakuna asiyejua, maana tangu Jumatatu maneno yamezunguka sebuleni, jikoni na hata getini, kwamba marehemu angekuwa hai leo kama mke wake asingemtia kile kinanda mdomoni. Aliyeyasema ni dada yetu mkubwa, na kwa kuwa hakuyasema kwa kujificha, nami sitajificha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli ambako baba alikuwa mlinzi. Mama alifariki mwaka 1967, marehemu akiwa na miaka sita na mimi minne, na dada mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, akaacha shule siku hiyohiyo, akafunga kitambaa kichwani, akawa mama yetu. Marehemu alikuwa mtoto wa kifua, akikohoa mpaka anabadilika rangi, na dada alimbeba mgongoni mara nyingi kwenda zahanati, mvua inyeshe isinyeshe, akimsemesha njia nzima ili asikie kama bado anapumua. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu dada hajawahi kumshusha mgongoni, hata alipokuwa mzee mwenye wajukuu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, akafaulu vizuri hesabu, na akachapwa vizuri pia, kwa kosa moja tu lisilobadilika, la kupiga mluzi darasani. Kifua kilikuwa kimepona, na mluzi ndio ulikuwa starehe yake, haumgharimu kitu na hauhitaji ruhusa ya mtu, ingawa walimu waliona tofauti.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa kiwandani, kwanza kubeba magunia, mwaka 1984 akawa fundi wa mashine, kisha msimamizi wa zamu, na huko ndiko alikopewa jina la Mluzi, jina ambalo limemfunika kiasi kwamba wapo hapa waliouliza jana msiba ni wa nani walipotajiwa jina la kwenye kitambulisho. Wenzake watanishuhudia kwamba mashine ikienda sawa mluzi ulisikika juu ya ngurumo yake, na mluzi ukikatika ghafla kila mtu alitupa alichoshika na kukimbilia mkanda, kwa sababu alishasikia hitilafu kabla haijatokea. Alirudi nyumbani na nyusi nyeupe kama babu wa miaka mia, watoto wakamcheka, naye akawapulizia unga usoni. Barakoa hazikuwapo miaka ile, palikuwa na leso tu, na leso huwezi kuifunga mdomoni ukapiga mluzi. Alistaafu tarehe 31 Desemba 2015.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na shemeji yangu huyu, fundi cherehani wa sare za shule, ambaye alikuja kusaga mahindi, akasikiliza kidogo, akamwambia kijana wa watu mbele ya foleni nzima kwamba anaharibu kiitikio. Kaka alinuna wiki nzima, halafu akaenda kumtafuta ili aonyeshwe kiitikio kinavyotakiwa. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume mwaka 1988, wa pili wa kiume mwaka 1991, na kitinda mimba wa kike mwaka 1996, ambao wote wako hapa, na wote, samahani wanangu, hawajui kupiga mluzi.

Ugonjwa ulianza kwa ukimya. Mwaka 2016 shemeji alimwona amekunja midomo akinyoa ndevu, na kilichotoka kilikuwa upepo mtupu, akamuuliza kulikoni, akajibiwa kwamba ni uzee. Uzee huo ulimfanya apumzike mara mbili kati ya kitanda na choo, na Septemba 2017 akaburutwa hospitali, nasema akaburutwa kwa sababu nilikuwa nimeshika mkono mmoja. Daktari wa mapafu alitueleza bila kupakapaka mafuta kwamba vumbi la unga na sigara vimekula mapafu, kwamba yaliyoliwa hayarudi, na kwamba tukijaliwa tutakuwa naye miaka miwili au mitatu, ila akamgeukia mgonjwa mwenyewe akamuuliza ni jambo gani analotamani kuweza kulifanya tena, ajiwekee lengo hilo, lake mwenyewe na si la daktari, kisha walifuate hatua kwa hatua.

Kaka sigara aliiacha kabla hatujafika nyumbani, pakiti akaitupa dirishani na mimi nikalipishwa faini na mwenye teksi kwa kuchafua barabara. Lengo lake la kwanza lilikuwa kufika kwa kinyozi bila kuketi njiani, na ilimchukua hadi Krismasi, akakalia ngazi za watu wengi mtaani humu, nanyi mkamletea maji. La pili lilikuwa posta. Hospitali walimpa pia kifaa cha plastiki chenye vijipira ndani, avute pumzi vijipira vipande, naye akakivumilia siku chache, akasema yeye si mtoto wa kuchezeshewa njuga, akakifungia kabatini. Hapo ndipo shemeji alipopita kwenye meza ya vitu vya mitumba akaona kinanda cha mdomo, akakinunua, akakisugua kwa mswaki na maji ya moto, akakipeleka kwa daktari kabla hajamwonyesha mumewe. Daktari alicheka, akasema kinanda hiki unapuliza na unavuta, mapafu hayatapata zoezi bora zaidi ya lile ambalo mtu analipenda, mradi akisikia kizunguzungu aache.

Ndugu zangu, nyumba ile ilipata mtu tena. Alipiga asubuhi baada ya chai na jioni kabla ya habari, mstari mmoja, kisha miwili, akikosea na kurudia mpaka jirani wa ukutani akawa anagonga ukuta kwa mpini wa fagio, naye akamshukuru kwa kumsaidia kuhesabu mapigo. Akajiwekea lengo kubwa, kwamba binti yake atakapoolewa atapiga wimbo mmoja, ule ambao mkewe alimsahihisha kiitikio, beti zote nne hadi mwisho, bila kukatika.

Harusi ilikuwa tarehe 20 Agosti 2022, na wengi wenu mlikuwa ukumbini. Ubeti wa kwanza ulitoka, wa pili ukatoka, wa tatu tulikuwa tumesimama, na katikati ya wa nne pumzi ikamwishia, midomo ikageuka rangi, kinanda kikaanguka mezani. Dada mkubwa alipita kati ya meza akiangusha viti, akilia kwamba kitu kile kitolewe mikononi mwa mtoto wake, na shemeji akasimama mbele ya mumewe akasema kwamba kitu kile ni chake na hatanyang'anywa. Kaka alipopata sauti alisema jambo moja tu, kwamba kuishi bila kupuliza anaweza, ila atakuwa anasubiri tu, na yeye hajawahi kupenda foleni. Tangu siku hiyo wifi hawa wawili hawakula meza moja.

Tarehe 3 Aprili mwaka huu wa 2024 alilazwa kwa homa ya mapafu. Hapa ndipo kilipo kipande nilichowaambia, na ingawa mkono unaniwasha na ukweli nilionao ungemaliza maneno ya wiki nzima, nimemwahidi shemeji, kwa hiyo karatasi hii naikunja, mnaona, naitia mfukoni. Alifariki Jumapili tarehe 12 Mei 2024, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Daktari yuko hapa nasi, ameniruhusu niseme kwamba mapafu yalichoka, kwamba kinanda hakikumuua, na kwamba yule aliyepewa miaka miwili au mitatu aliishi karibu saba. Sasa naingia kwenye shukrani.

Samahani. Naomba utulivu. Dada mkubwa amesimama. Dada, sijakisoma, kaa tu, tafadhali.

Anakuja. Mpisheni njia. Sauti yake haitafika nyuma, anataka niwe nayarudia anayosema ili kila mtu asikie, na ananiambia nisipunguze hata neno, kwa hiyo nayarudia. Anasema kilichoandikwa kwenye karatasi ile anakijua. Anasema siku ya pili hospitalini yeye ndiye aliyekichukua kinanda kwenye droo ya kitandani, akakiweka kwenye mkoba huu, akamwambia mgonjwa kwamba kimepotea wodini. Anasema tangu harusini kila akifumba macho aliona ile midomo, akamwona mtoto wa mgongoni, akadhani anamwokoa. Anasema wifi yake alikiona ndani ya mkoba wiki ileile, alipotumwa kuchukua miwani, akakifunika na leso yake, ambayo dada aliikuta jioni, akafunga mkoba, hakumwambia mgonjwa, hakumgombeza mtu, alikuja kuniambia mimi tu baada ya kifo, na hata alipoitwa muuaji hakujitetea.

Dada, inatosha. Hataki, anasema niendelee. Anasema siku za mwisho kaka alikuwa anakunja viganja viwili mbele ya mdomo na kupuliza, muuguzi akadhani anapasha mikono joto, akamletea blanketi, lakini yeye dada alikuwa anajua, alikuwa anauona wimbo kwenye mabega yake, ubeti baada ya ubeti, na mkoba uko hapo mapajani, na hakuufungua, kwa sababu kuufungua kulikuwa ni kukiri. Anasema alipokufa alihitaji mtu mwingine awe amemuua. Ndivyo alivyosema, sijaongeza kitu.

Ameufungua mkoba. Kinanda hiki hapa, ninyi wa mbele mnakiona. Hakiweki kwenye jeneza, anakipeleka kule nyuma, naomba walioketi njiani wakunje miguu. Amefika. Shemeji amesimama.

Amekipokea. Anakifuta kwa ncha ya kitambaa chake, upande huu na upande huu, alivyokuwa akikifuta kila jioni. Sasa amemshika dada mkono, wanakuja wote wawili. Watoto, sogeeni, benchi la mbele wanakaa mama yenu na shangazi yenu.

Haya. Naendelea, mniwie radhi kama herufi siioni vizuri.

Familia inamshukuru daktari wa mapafu, aliyemuuliza mgonjwa anapenda nini kabla ya kumwambia anakatazwa nini, pamoja na wauguzi wote wa wodi, na hasa yule wa blanketi. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani, ambao leo nimewaona wakishuka wakiwa na barakoa mpya shingoni, nami nawasihi msizivue. Tunawashukuru wenye ngazi zote kati ya nyumbani na kwa kinyozi, na wote mliotoa hali na mali, hatuna namna ya kuwarudishia.

Mwisho tunamshukuru jirani wa ukutani, ambaye jana alinivuta pembeni getini kunieleza jambo nisilokuwa nalo kwenye karatasi, nikaliandika hapa chini kwa kalamu ya kuazima. Anasema jioni ya Jumapili tarehe 11 Februari, karibu miezi miwili kabla kaka hajalazwa, alishika mpini wa fagio kama kawaida ili agonge, ubeti wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, na ulipoanza wa nne alijikuta amesimama na mpini juu, anaogopa hata kuushusha, anasikiliza kila pumzi upande wa pili, mpaka mstari wa mwisho ukatoka, taratibu, na ukaisha. Akagonga ukuta mara moja. Kaka naye akagonga mara moja. Shemeji anatikisa kichwa kukubali, alikuwapo, alikuwa akikata vitunguu, na alituficha wote kwa sababu kaka alitaka kutushangaza Pasaka, ila Pasaka ikamkuta ameshaanza homa.

Dada, umesikia. Alipolala pale na viganja mdomoni hakuwa anatafuta mwisho wa wimbo, alikuwa ameshaufikia, alikuwa anaurudia kwa sababu anaupenda.

Kaka yangu Mluzi, ulijiwekea lengo na ukalitimiza, hakuna aliyekukatiza. Pumzika, na iwe kwa amani.