Milcah Nafula Kiragu, Aliyewasaka Wanaostahili Kwenye Sufuria za Matanga

Mama Ivyne, tunayemlaza leo hapa Waithaka, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966 karibu na Kimilili, binti wa marehemu Zedekiah Wesonga na marehemu Rasoa. Alizaliwa jikoni kwa jirani, mama yake akiwapikia waombolezaji. Siku hiyo watu walikula ugali mbichi, na wako wasiomsamehe mtoto hadi leo.

Alisoma huko nyumbani mpaka kidato cha nne, mwaka wa 1984, kisha akaja Nairobi kujifunza kupiga chapa. Miaka mingi aliwaandikia mabosi wa mjini barua ambazo wenyewe wasingeziweza. Mwaka wa 1993 aliolewa na Norman Kiragu, aliyempendea mdomo, akaujutia, akaupenda tena.

Mwaka wa 2009 kanisa lilimkabidhi Mfuko wa Mbegu, chumba kimoja Ngara, juu ya duka la ndoo na mabeseni. Kazi yake ilikuwa kuwapa wachuuzi ruzuku, yaani pesa zisizorudishwa. Na pesa zisizorudishwa zikitajwa, Nairobi nzima hugeuka wajane na mayatima. Maombi yalikuja matamu, yanaliza, na mengi yalikuwa yametungwa na kijana mmoja wa saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti pale chini barabarani.

Basi Milcah akabuni mtihani wake. Akisikia kuna matanga mtaani kwa mwombaji, alijifunga leso, akajipenyeza nyuma ya nyumba na kutazama. Mahubiri yakishaisha na nyama pia, nani anabaki kusugua sufuria? Aliyebaki alipewa. Aliyetoroka alikatwa jina. Vibanda vingi vya huku kwetu vilisimama hivyo, na wenyewe hawakujua walipimwa lini.

Agosti 2021, kwenye matanga Uthiru, alimwona Caren Oyoo, muuza samaki aliyekuwa ameomba friza. Caren aliitupa sufuria na masizi yake, akaondoka mbio. Milcah akamkata jina, akarudi kumalizia chapati.

Hakujua kwamba mume wa Caren alikuwa kitandani, hawezi hata kujigeuza, na hana mwingine wa kumgeuza. Friza ilikuwa ya kumwezesha Caren kuuzia nyumbani, karibu naye. Oktoba, asubuhi moja Caren akiwa soko la Gikomba kutafuta samaki, mzee Oyoo alikata roho peke yake.

Milcah alienda matanga hayo, akamkiri Caren alivyomkata jina, kisha akasugua kila sufuria mpaka vidole vikachubuka. Caren akaja, akasimama akimtazama.

"Ungeniuliza tu, Mama Ivyne," alisema, akaenda zake.

Friza ilifika Novemba. Caren alionyesha pa kuiweka, walioileta hakuwakaribisha chai. Tangu hapo Milcah hakumkata mtu jina kabla hajaketi kwake akamuuliza.

Saratani ya tumbo iligunduliwa Machi 2024. Ilimla polepole, mdomo ikauacha mwisho. Mwezi uliopita Caren alitokea wodini na supu ya samaki kwenye chupa ya chai.

"Leo nimekuja kukukagua mimi," alisema.

"Nimeanguka?"

"Tulia, bado naangalia."

Milcah alicheka mpaka muuguzi akaja. Supu alionja kijiko kimoja tu. Caren alipoondoka, alimwagiza Norman: siku ya kunizika, Caren asiguse sufuria. Aketi mbele, apakuliwe wa kwanza, na akitaka kuondoka asiulizwe anaenda wapi.

Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025. Ameacha mume wake Norman, watoto wake Ivyne na Lenox, mjukuu wake Wanjugu na dada yake Maurine. Analala katikati ya nyumba za kupangisha za akina Kiragu, mpangaji wa pekee asiyeweza kufukuzwa.

Caren ameketi safu ya mbele. Ninyi wengine mnaopanga kukimbilia sufuria baada ya kusikia haya, mmechelewa: mkaguzi yuko ndani ya jeneza. Masizi lakini yapo, na maji yamechotwa.

Pumzika kwa amani, Mama Ivyne. Zamu ya kusugua ni yetu.